Pikipiki ya Safari: Kipi Kiboreshwe Kwanza?

Pikipiki nyingi huundwa kwa kazi moja. Ipo ya mbio za lami, ipo ya mashindano ya matopeni, na ipo ya kumpeleka mtu kazini na kumrudisha. Pikipiki ya safari hudaiwa mambo hayo yote kwa pamoja: iende kilometa 100 kwa saa kutwa nzima barabarani, iache lami na kuingia njia ya mchanga na mawe bila kuvunjika, tena ibebe mafuta ya kufika mbali pamoja na hema, maji, vyombo vya kupikia na zana za ufundi. Zile za uzani wa kati, yaani zenye injini ya sentimita za ujazo kati ya 600 na 900 hivi, hupendwa kwa sababu mtu aliye peke yake jangwani bado aweza kuiinua yake ikianguka. Uzito ukizidi hapo, safari ya upweke huwa kamari.

Aina hii ilipata umaarufu kutokana na mashindano ya Paris–Dakar. Yale ya kwanza yaliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, na mshindi wa pikipiki aliyewasili Dakar mwezi uliofuata alikuwa Mfaransa Cyril Neveu, akiendesha Yamaha XT500 yenye silinda moja. Mwaka 1980 BMW ilitoa R 80 G/S. Mwaka 1983 Yamaha ikatoa XT600Z iliyopewa jina la Ténéré, sehemu ya Sahara iliyoko Niger. Honda ikafuata na Transalp mwaka 1987.

Mwaka huo huo Kawasaki ilileta sokoni KLR650, na hiyo ndiyo ifaayo zaidi kuchunguzwa na mwanafunzi wa fizikia. Si kwamba ni bora kuliko nyingine. Kwa mwendo na kwa wepesi imepitwa na nyingi. Faida yake kwa mchunguzi ni kwamba haikubadilika. Tangu 1987 hadi 2007 injini yake, kiunzi chake na magurudumu yake vilibaki karibu vile vile, na kwa miaka hiyo yote wenye pikipiki hizo, hasa huko Marekani, waliziendesha, wakazivunja, wakazitengeneza, na wakapashana habari. Udhaifu wake ukawa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo swali ambalo kila anayenunua pikipiki ya safari hujiuliza siku ya kwanza, kwamba aanze kuboresha kipi, limekwisha kujibiwa kwa uzoefu mrefu. Jibu lenyewe haliwapendezi sana vijana: nguvu ya injini huja mwisho.

Pistoni isimamayo mara 10,000 kwa dakika

Injini ya KLR650 ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 100, na pistoni yake husafiri milimita 83 kwenda juu na 83 kurudi chini. Mwanafunzi akikokotoa ujazo atapata sentimita za ujazo 651.9, ambazo kiwanda huziandika 651. Injini hupozwa kwa maji, ina valvu nne, na hutoa nguvu za farasi karibu 40.

Injini hiyo ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni husimama kabisa mara 10,000 katika dakika hiyo hiyo: mara moja juu na mara moja chini katika kila mzunguko. Baina ya vituo hivyo viwili, ambavyo umbali wake hauzidi upana wa kiganja, huenda kwa wastani wa mita 13.8 kwa sekunde, karibu kilometa 50 kwa saa. Ili isimamishwe na kurudishwa ilikotoka, mchapuko wake penye kilele hupita mara 1,000 ule wa kitu kinachoanguka kutoka mtini. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, kani inayoirudisha pistoni chini huisukuma injini juu, nayo injini huitikisa pikipiki nzima, mara 83 kwa sekunde. Nati hulegea, nyuzi za taa hukatika, na mikono ya mwendeshaji hufa ganzi.

Injini yenye silinda nyingi huweza kupangwa ili pistoni moja iende juu nyingine ikienda chini. Yenye silinda moja haina mwenzake wa kuipoza. Waundaji wa KLR650 waliweka ndani mihimili miwili yenye uzito wa upande mmoja tu, izungushwayo na mnyororo mdogo kwa kasi ile ile ya krankshafti, ili uzito huo uelekee chini wakati pistoni inapofika juu. Mtetemo hauishi, lakini hupungua kiasi cha kuvumilika. Mnyororo huo nao, kama mnyororo wowote, huongezeka urefu kadiri pini zake zinavyolika. Ukilegea sana hugonga kuta za injini, au huruka jino la sproketi, na uzito uliowekwa kutuliza mtetemo ukawa wa kuuchochea. Hapana budi pawe na kitu cha kuukaza.

Hapo ndipo kinapoingia kipande cha chuma kisichotimia urefu wa kidole, ambacho kimezungumzwa kuliko kitu kingine chochote katika pikipiki hii. Ni wenzo mfupi unaovutwa na springi. Kila baada ya kilometa elfu kadhaa, mwenye pikipiki hulegeza bolti moja iliyo nje ya injini. Springi huuvuta wenzo na kuukaza mnyororo, kisha bolti hukazwa tena. Katika maandishi ni kazi ya dakika moja. Lakini katika matoleo ya awali wenzo huo uliundwa kwa vipande vilivyolehemewa pamoja, na baadhi yake ilipasuka penye kiungo. Chuma kilichovunjika ndani ya injini hakina pa kwenda isipokuwa chini kwenye oili, au katikati ya meno.

Kasoro ya pili ilikuwa ya kimya zaidi, na kwa mwalimu wa fizikia ni johari. Springi ile ilikuwa ndefu mno. Mnyororo ulipolika kidogo tu na wenzo kusogea, springi ilikuwa imekwisha kurudi katika urefu wake wa asili. Kanuni ya Hooke yasema kuwa kani ya springi huwiana na kiasi ilichovutwa; isipovutwa, haina kani. Mtu alilegeza bolti kama kitabu kilivyomwagiza, akangoja, akakaza, akaondoka akiamini ametimiza wajibu, kumbe mnyororo uko vile vile, au umelegea zaidi kwa kuwa wenzo ulipata nafasi ya kurudi nyuma. Utunzaji uliofanywa kwa uaminifu ulizidisha ugonjwa.

Wamarekani walikibandika kipande hicho jina la utani lenye maana ya "kidude", na jina limeshika hata mafundi wengi hawatumii lile la kitabuni. Mafundi wa karakana ndogo walianza kuchonga kidude kipya kutoka bamba moja la chuma lisilo na kiungo, pamoja na springi inayodumisha mkazo katika masafa yote ya wenzo. Kukifunga si kazi ya kando ya njia: sharti ufunguliwe mfuniko wa kushoto wa injini na kung'olewa rota ya jenereta kwa kifaa maalumu. Ikiisha kufungwa, pikipiki haiendi kasi zaidi, haingurumi kwa namna mpya, na mpita njia hawezi kuona kilichobadilika. Hata hivyo ndilo badiliko la kwanza katika orodha ya kila mtu aliyekusudia kufika mbali na toleo la zamani, na kwa haki kabisa. Kiwanda chenyewe kiliimarisha wenzo huo katika toleo la 2008.

Springi na mzigo

Udhaifu wa pili hauko katika KLR650 peke yake. Umo katika karibu kila pikipiki ya safari, ya zamani na ya sasa. Kiwanda hakimjui atakayeipanda. Huweka springi zitakazomfaa mtu wa wastani asiye na mizigo mingi, kisha pikipiki huuzwa kwa mtu mnene mwenye masanduku matatu.

Mfano wa hesabu utasaidia. Gurudumu la nyuma la toleo la 2008 lina nafasi ya milimita 185 za kupanda na kushuka. Ichukuliwe kuwa springi, ikipimwa penye gurudumu, hubonyea milimita moja kwa kila nyutoni 25, na kwamba uzito wa pikipiki na mwendeshaji unaoangukia nyuma ni nyutoni 1,600. Springi itabonyea milimita 64, takriban theluthi ya nafasi yote, na ndivyo mafundi wapendavyo. Zinabaki milimita 121 za kupokea mashimo. Sasa ipakiwe mizigo ya kilo 50, yaani nyutoni 500, juu ya gurudumu hilo. Springi itabonyea milimita 20 zaidi, na nafasi iliyobaki ni milimita 101.

Upungufu huo ni wa sehemu ya sita tu, na wengi huishia hapo katika kuhesabu. Lakini nishati inayopokewa na springi haiwiani na mbonyeo. Huwiana na mbonyeo uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanafunzi akigawanya 101 kwa 121 na kuzidisha jibu kwa lenyewe atapata 0.70. Asilimia 30 ya uwezo wa kupokea pigo imetoweka, na papo hapo kitu kinachotumbukia shimoni kimekuwa kizito zaidi. Ndiyo sababu pikipiki iliyokuwa ikielea barabarani siku ya Jumamosi bila mizigo hugonga kwa kishindo Jumatatu ikiwa safarini, na kishindo hicho hufika kwenye ringi ya gurudumu, kwenye kiunzi na kwenye uti wa mgongo wa mwendeshaji.

Wengi wakiona sehemu ya nyuma imelala huizungusha pete ya kukazia springi mpaka mwisho, wakaridhika kuwa sasa springi ni ngumu. Springi haikuwa ngumu. Kukaza huko huinua pikipiki tu. Kila milimita ya kubonyea bado hudai nyutoni 25 zile zile. Ili nyutoni 2,100 ziibonyeze kwa milimita 64 inahitajika springi nyingine, yenye nyutoni 33 kwa milimita. Na springi ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo shokapu yenye oili iliyochoka haitaweza kuizuia isirushe mkia juu. Mtu atajikuta amenunua vitu viwili badala ya kimoja. Hiyo ndiyo tabia ya kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkia uliolala una madhara mengine yasiyoonekana haraka. Mikono ya gurudumu la mbele hulala nyuma, uzito hulikimbia gurudumu hilo, nao usukani huwa mwepesi na wa kuyumba penye mchanga, mahali hasa panapotaka uthabiti. Usiku, mwanga wa taa hupanda machoni mwa wanaokuja. Kwa fedha zilezile ambazo mtu angenunulia bomba la moshi la kung'aa, springi zinazolingana na mzigo humfanya mwendeshaji asichoke mapema. Na mchovu ndiye aangukaye.

Bolti nne za mkia

Hadi mwaka 2018, KLR650 ilipoacha kutengenezwa kwa muda, sehemu ya nyuma ya kiunzi, ibebayo kiti na masanduku, ilikuwa kipande cha pekee kilichofungwa kwa bolti: mbili juu na mbili chini. Za juu zina unene wa milimita 8. Wenye pikipiki waliopakia sana walizikuta zimekatika, mara nyingi baada ya siku kadhaa za barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo.

Sababu yake ni ile ile ya ndoo iliyotundikwa kwenye ncha ya mpini. Sanduku la kilo 20 likikaa sentimita 60 nyuma ya bolti hutoa momenti ya nyutoni-mita 120. Kama umbali kati ya bolti za juu na za chini ni sentimita 20, momenti hiyo hudai nyutoni 600 kutoka kwa bolti, mara tatu ya uzito wa sanduku lenyewe, na hapo pikipiki imesimama tu. Gurudumu likipiga tuta, kani hiyo huongezeka mara mbili au tatu kwa kitambo kifupi, kisha hurudia, maelfu ya mara kwa siku. Chuma huchoka kama mtu anavyochoka.

Dawa iliyozoeleka ni kutoboa tundu kutoka upande hadi upande na kupitisha bolti moja ndefu yenye unene wa milimita 10. Kutoka 8 hadi 10 huonekana nyongeza ndogo, lakini eneo la mkato huongezeka kwa kipimo cha 100 juu ya 64, zaidi ya mara moja na nusu. Ipo dawa nyingine isiyogharimu chochote, nayo aghalabu husahauliwa: vitu vizito, kama zana na maji, viletwe mbele na chini, karibu na injini, na hema na nguo ndizo zikae nyuma. Bolti yoyote hupumua mkono wa wenzo ukifupishwa.

Jino moja na senti 22

Mabadiliko mengine ni madogo na rahisi. KLR650 hutoka kiwandani na sproketi ya mbele yenye meno 15 na ya nyuma yenye meno 43. Mtu wa milimani au wa mchangani huweka ya mbele yenye meno 14. Uwiano hupanda kutoka 2.87 hadi 3.07, na kani inayolisukuma gurudumu huongezeka kwa asilimia 7. Gia ya kwanza huwa ya kutambaa, na klachi haiungui kwa kushikiliwa nusu nusu penye mawe. Gharama yake hulipwa barabarani: kwa mwendo ule ule, injini huzunguka asilimia 7 zaidi, hutetemeka zaidi na kunywa zaidi, na mnyororo ukipinda juu ya duara dogo hulika upesi. Mwendesha bodaboda yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kubadilisha sproketi kwa ajili ya abiria na magunia ameyaonja hayo hayo.

Injini zilizouzwa Marekani kabla ya 2018 zilikuwa na kabureta zilizopangwa kutoa petroli kidogo ili zitimize sheria za moshi. Wenyewe waligundua kuwa washa mbili nyembamba zikiwekwa chini ya kichwa cha sindano ya kabureta huiinua kidogo na kuruhusu petroli zaidi katika mwendo wa kati. Washa hizo ziligharimu senti 22 za Marekani, na badiliko hilo likabaki na jina la bei yake. Moshi nao huongezeka. Sheria ilikuwa na sababu yake.

Nguvu za ziada

Sasa ije nguvu yenyewe. Zipo pistoni kubwa zaidi za kununua. Kipenyo kikipanuliwa kutoka milimita 100 hadi 102, ujazo huongezeka kwa asilimia 4. Hata nguvu ikiongezeka kwa kiasi hicho hicho, mwanafunzi akumbuke kuwa katika mwendo mkubwa kizuizi kikuu ni hewa, na nguvu inayohitajika kuikata huwiana na mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Asilimia 4 ya nguvu hununua asilimia 1.3 ya mwendo. Pikipiki iliyokuwa ikifika kilometa 140 kwa saa itafika karibu 142. Mwendeshaji akiinama kidogo juu ya tangi hupata zaidi ya hapo, bila kufungua injini.

KLR650 ilirudi sokoni ikiwa toleo la mwaka 2022. Kabureta imeondolewa na petroli hunyunyizwa kwa mfumo wa elektroniki. Sehemu ya nyuma ya kiunzi sasa imeungana na kiunzi kikuu, bila zile bolti. Disiki ya breki ya mbele imekuzwa kutoka milimita 280 hadi 300. Na mnunuzi anaweza kuchagua breki zisizofunga gurudumu. Pistoni ni ile ile ya milimita 100. Uzito wake, tangi likiwa limejaa, umepita kilo 205, kutoka 196 za toleo la 2008, na tangi ni la lita 23 kama zamani.

Jaribio la darasani

Kipimo cha springi hakihitaji pikipiki ya safari. Pikipiki yoyote ya shuleni au ya jirani itafaa, pamoja na utepe wa kupimia na mifuko ya mchanga ya kilo 10 iliyopimwa kwa mizani. Wanafunzi wawili waishike pikipiki wima bila kuibonyeza. Watatu apime umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi alama iliyowekwa kwenye kiunzi juu yake. Mfuko mmoja uwekwe kitini juu ya ekseli, mkia utikiswe kidogo ili msuguano usidanganye, kisha kipimo kichukuliwe tena. Na hivyo hivyo hadi mifuko minane. Uzito uandikwe kwenye mhimili wa mlalo wa grafu na mbonyeo kwenye wa wima.

Mstari ukinyooka, springi ina ugumu mmoja, na mteremko wa mstari huutaja. Katika pikipiki nyingi za mizigo mstari hautanyooka: utapanda haraka mwanzoni, kisha utalala. Wanafunzi waiangalie springi yenyewe kabla ya kutafuta sababu vitabuni. Katika nyingi ya hizo wataona kuwa mizunguko ya upande mmoja imekaribiana kuliko ya upande wa pili, na mzigo ukiongezeka ile iliyokaribiana hugusana kwanza.